Mama Chini ya Kiti cha Mfalme

Katika viti vya kifalme vya Waluba ninavyovifahamu kwa picha, kuna kimoja ambacho hunifanya nitazame mikono kabla ya uso. Kimechongwa kwa gogo moja, na kimo chake ni sentimita 61 hivi. Juu pana duara la kukalia, chini pana duara la kusimamia, na katikati yuko mwanamke anayelibeba lile la juu kwa kichwa na kwa ncha za vidole. Vidole hivyo ni virefu kupita vya binadamu yeyote. Uso nao ni mrefu, mashavu yamebonyea, mifupa imejitokeza, kope zimekuwa nzito. Ni mtu aliyekula chumvi nyingi. Wachongaji wengi wa Kiluba walipenda kumchonga mwanamke akiwa katika ujana wake, shingo imenyooka na ngozi imejaa. Huyu alimchagua bibi, kambo kama wanavyomwita watu wa Kabongo na Katanga nzima, huko Kongo, na akamkabidhi yeye uzito wa ufalme.

Kiti hicho leo kimo ndani ya Metropolitan Museum, jijini New York. Aliyekichonga alikaa muda mrefu bila jina. Mtaalamu wa Kibelgiji Frans Olbrechts, alipokuwa akilinganisha sanamu za Kongo zilizofika Ulaya, aliona kwamba baadhi yake zina uso mmoja mrefu na wenye huzuni, kana kwamba zimetoka katika familia moja. Kwa kuwa chache kati yake zilichukuliwa katika kijiji cha Buli, kwenye mpaka wa Waluba na Wahemba, mchongaji akaitwa Fundi wa Buli. Baadaye sana ndipo likapatikana jina la Ngongo ya Chintu, wa kijiji cha Kateba, likiwa limehifadhiwa vinywani mwa watu waliorithi kazi yake. Leo kazi kama 20 zinahesabiwa kuwa zake au za karakana yake, kwa maana inawezekana kabisa kwamba mikono ilikuwa zaidi ya miwili.

Ninazo sababu za kukaa sana mbele ya picha ya kazi hii. Nchi ya Waluba, ile iliyo kati ya mito Lualaba na Lomami, ambamo Kabongo imo na Kamina imo, ina ufundi mkubwa wa kumkumbuka mwanamke: mke, mama, bibi. Ufundi huo tumezoea kuusifu kwa jina la mfalme aliyemiliki kiti, na tukishamaliza kumsifu mfalme tunamsifu mchongaji. Mwanamke aliye katikati tunampita. Mimi nataka nianzie kwake, na kwa wanawake wengine ambao mikono yao ilifanya kazi juu yake kabla tezo halijagusa mti.

Kwanza, huo mti. Kiti cha namna hii hakiungwi. Hakuna gundi, hakuna msumari, hakuna mguu uliochongwa pembeni ukapachikwa. Fundi anaanza na gogo zima lenye nyuzi zinazopanda kutoka chini kwenda juu, na kutoka humo anatoa vitu vitatu vilivyoshikana: duara, mtu, duara. Hatari yote iko kwenye mikono. Mkono ukiunyoosha kwenda pembeni, unazikata nyuzi za mti, na siku moja utavunjika. Ukiuinua juu, nyuzi zinapita ndani yake kama mishipa, na mkono mwembamba unaweza kubeba. Kwa hiyo ile mikono iliyoinuliwa ina heshima ndani yake, na ina akili ya fundi pia. Kisha kuna nafasi tupu kati ya mkono na shavu. Hapo tezo kubwa haliingii. Fundi anabadili na kushika dogo, halafu kisu, akitoa ganda kwa ganda, huku akijua kwamba akitoa zaidi hakuna wa kumrudishia. Kichwa lazima kifike juu sawasawa na vidole. Kikizidi kidogo, duara litaketi upande.

Na baada ya kazi hiyo yote, kiti hakikuwekwa hadharani. Viti vya wafalme wa Kiluba vilifungwa katika kitambaa cheupe na kutunzwa na mtu aliyeteuliwa, mara nyingine katika kijiji kingine kabisa, vikitolewa kwa nadra. Fundi alijua hilo alipokuwa akichonga kope za huyu kambo. Alizichonga kwa ajili ya giza la kitambaa, kwa ajili ya mizimu, na kwa ajili ya macho machache siku ya kumtawaza mulopwe, yaani mfalme. Ninapoona jinsi alivyomaliza hata sehemu za mgongoni, nashindwa kuiita kazi hii pambo.

Tazama sasa tumbo na kiuno cha sanamu za Kiluba. Utaona chale: vifundo vidogo vilivyopangwa kwa safu, pembetatu, misalaba, mistari inayokutana chini ya kitovu. Mchongaji hakuzibuni. Alizinakili kutoka kwenye miili ya wanawake aliowaona, na juu ya miili hiyo zilichorwa na wanawake wengine, mafundi wa kuchanja, waliojua kuinua ngozi kidogo, kukata kwa wembe mahali sahihi na kupaka dawa ili kovu linyanyuke badala ya kuzama. Kazi hiyo ilichukua miaka. Msichana alianza na chache, akaongezewa alipokaribia kuolewa, na mwili ukawa unajaa maandishi kadiri maisha yalivyosonga. Mume aliyajua kwa vidole gizani. Mwanamke wa namna hiyo akifa, kitabu kizima kinazikwa. Labda ndiyo maana mchongaji aliharakisha kukinakili.

Nywele nazo ni vivyo hivyo. Katika eneo la Washankadi, upande wa Kamina, wanawake walisuka nywele zikashuka nyuma ya kichwa ngazi kwa ngazi, kila ngazi pana na iliyopigwa sawa. Mtindo kama huo ulimfanya msusi akae na mteja wake saa nyingi, kazi ikaendelea kesho yake, kisha ukawekwa kwa wiki nyingi bila kufumuliwa. Mmisionari Mwingereza W.F.P. Burton, aliyefika Mwanza katika nchi ya Waluba mwaka 1915 na kuishi huko hadi 1960, alipiga picha za vichwa hivi, na picha zake nyingi zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Ukizitazama unaelewa jambo ambalo sanamu peke yake haikuambii: kwamba kichwa halisi kilikuwa kizuri kuliko cha mti, na kwamba aliyekisuka hakuwa na mti wa kumsaidia. Nywele hazikai zinavyoamriwa. Zinakua, zinatoa jasho, zinalaliwa.

Kulalia ndiko kulikoleta musamo, ule mto mdogo wa mti unaowekwa chini ya shingo ili nywele zisiguse mkeka. Hapa wachongaji walicheza kwa furaha kubwa. Yuko mmoja, asiyejulikana kwa jina, ambaye wataalamu wanamtambua kwa nywele za ngazi alizowachongea wanawake wake wadogo wa mti. Anawaketisha wawili wakikabiliana, miguu imepishana, nywele zao zimetanuka nyuma kwa ukubwa unaokaribia mwili wenyewe. Fikiria: mwanamke aliyesukwa nywele za ngazi analaza shingo yake juu ya wanawake wawili waliosukwa nywele za ngazi. Fundi wa mti amemwinamia msusi. Musamo ulipendwa kiasi cha kuzikwa pamoja na mwenyewe.

Kwa nini lakini mwanamke? Wafalme wa Kiluba walikuwa wanaume, wawindaji na wapiganaji, na bado ukikusanya alama zao za enzi, viti, fimbo, vishikilio vya pinde na mishale, utakuta mwanamke kila mahali. Mara nyingi ameweka mikono juu ya matiti. Wenyeji waliwaeleza watafiti Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, ambao kitabu chao kuhusu kumbukumbu za Waluba kilitoka mwaka 1996, kwamba humo ndimo siri za ufalme zinamotunzwa, na kwamba mwili wa mwanamke ndio wenye nguvu za kutosha kuishika roho nzito kama ya mfalme. Mwanamume hawezi. Angepasuka.

Hadithi ya mwanzo wa ufalme inalibeba wazo hilo kwa njia yake. Nkongolo, mtawala wa kwanza, mkali na mlevi, alikuwa na makao karibu na Ziwa Boya, katika nchi hiihii ya Kabongo. Akaja kutoka mashariki mwindaji Mbidi Kiluwe, mtu mwenye adabu, asiyekula mbele za watu. Nkongolo akampa dada zake. Mmoja wao, Bulanda, akamzaa Kalala Ilunga. Mbidi akarudi kwao, na Bulanda akabaki na mtoto nyumbani kwa kaka yake. Mtoto alikua akawa hodari kuliko mjomba, akamshinda hata michezoni, na siku moja mama yake Nkongolo alipoona mwanawe ameshindwa akacheka. Nkongolo akamzika mama huyo akiwa hai. Baada ya hapo akachimba shimo, akalitia mikuki, akalifunika mkeka, akamwalika mpwa wake aje kucheza ngoma. Kalala Ilunga alionywa, akakimbilia kwa baba yake, akarudi na jeshi, na Nkongolo akaisha.

Wasimulizi hupenda kukaza shimo la mikuki. Mimi hukaa zaidi kwenye lile la kwanza. Mtawala anayemfukia mama yake kwa sababu ya kicheko hana tena pa kusimama, na nasaba iliyomshinda ikaja kumweka mwanamke chini ya kila kiti chake ili asisahaulike nani anayebeba. Bulanda alikuwa mke wa mwindaji, mama wa Kalala Ilunga, bibi wa wafalme wote waliofuata, wakiwemo wale ambao ukoo wao uligawanyika mwishoni mwa karne ya 19 kati ya upande wa Kabongo na upande wa Kasongo Nyembo. Katika hadithi anasema machache. Lakini toa jina lake uone kama ufalme utasimama.

Kuna kazi nyingine inayomhusu mke waziwazi. Waaguzi wakubwa wa Kiluba, wanaoitwa bilumbu, walikuwa na sanamu ya mwanamke aliyeketi akipakata bakuli lenye kifuniko, mboko, na ndani yake mlikuwa na pemba, ule udongo mweupe wa baraka. Wenyewe walimweleza kuwa ni mke wa roho inayomshukia mwaguzi. Maarufu kuliko zote iko Tervuren, Ubelgiji, na tena ni kazi ya Fundi wa Buli: uso uleule mrefu, mikono ileile mikubwa, lakini safari hii vidole havinyanyui kitu, vimekizunguka chombo taratibu. Wazungu waliomwona wakamwita ombaomba, kwa kuwa walimwona mtu mwenye bakuli. Inaniuma hadi leo. Yule haombi. Anayo pemba, na wewe ndiye uliyekuja kuomba.

Hata hivyo mahali ambapo ukumbusho huu ulifika mbali kuliko mti wowote ni kwa Mwadi. Mulopwe alipofariki, makao yake hayakubomolewa wala kupewa mrithi. Yaligeuka kitenta, kiti cha roho yake, na mwanamke mmoja akaingia humo akiwa ndiye mfalme aliyekufa. Alikabidhiwa alama za enzi na masalio, akawekewa wazee wa baraza, akapokea heshima za mulopwe. Mfalme mpya alijenga kwake, pengine mbali, na alimwendea Mwadi kwa unyenyekevu. Mwadi naye alipofariki, mwanamke mwingine wa ukoo wake alishika nafasi, na mfalme yule aliendelea kuishi. Kwa hiyo nchi ilijaa wanawake ambao kila mmoja alikuwa kumbukumbu inayotembea, inayokula, inayougua malaria na kupona. Sijui ufundi mwingine wa ukumbusho unaodai kiasi hicho kutoka kwa mtu. Kuchonga kope ni kazi ya siku chache. Kuwa mtu mwingine kwa maisha yako yote ni kazi ya namna nyingine.

Historia yenyewe ilishikwa na chama cha Mbudye, kilichokuwa na wanaume na wanawake, na chombo chao kilikuwa lukasa. Ni ubao mdogo uliobanwa kiunoni, unaotosha kiganja cha mkono wa kushoto, umejazwa shanga, simbi na michoro iliyokatwa kwa ncha ya kisu. Mwaka 1977 mwanahistoria Thomas Reefe aliandika makala iliyowafungua macho wengi nje ya Katanga kuhusu namna unavyosomwa. Msimulizi anaushika kwa kushoto, anaugusa kwa kidole cha kulia, na anasema. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo inaweza kuwa mfalme na watu wake; mstari wa shanga unaweza kuwa safari. Shanga hiyohiyo kesho, mbele ya watu wengine, inaweza kufungua habari nyingine, kwa kuwa lukasa haimfungi msemaji. Inamshikia mahali, na yeye anachagua njia ya kutoka mahali hadi mahali.

Geuza ubao huo uone mgongo wake. Mara nyingi umechorwa pembetatu na mistari inayofanana na chale za mwanamke. Ubao una ngozi. Wana-Mbudye wanauhusisha na kobe na roho ya kike inayolinda chama chao, kwa hiyo msimulizi wa mambo ya wafalme alikuwa, kwa kugusa, akimsoma mwanamke. Ufundi wa mchanjaji uliovuka kutoka ngozi kwenda kwenye kiti umefika hapa pia, na hapa ndipo umekuwa historia ya nchi.

Nafikiria hayo ninapofikiria kilio cha kambo wa kawaida katika Kabongo ya leo, mwanamke ambaye hakuna atakayemchonga. Wanawake wanakaa ndani juu ya mikeka, wanaume wako nje kwenye moto, bukari, yaani ugali, na sombe, majani ya mihogo, vinapikwa kwa sufuria zilizokopwa kwa majirani, kwaya ya kanisa inaimba hadi sauti zinakauka. Kisha mjukuu aliyesoma anasimama na karatasi na kusoma wasifu wa marehemu: alizaliwa mwaka fulani, akaolewa mwaka fulani, akajaliwa watoto kadhaa, wajukuu na vitukuu, akaugua, Bwana akamwita. Kila neno ni kweli. Lakini wasifu wa namna hiyo umefuata kalenda tu, na maisha ya mwanamke wa kijijini hayakukaa kwenye kalenda. Yalikaa mahali: kisima, shamba la mihogo, kituo cha treni alikopeleka unga, uwanja wa nyumba ya kwanza aliyoolewa, kaburi la mtoto aliyemtangulia, kiti kifupi alichokalia akisuka vichwa vya wasichana wa mtaa.

Ningependa mjukuu huyo aushike wasifu kwa mkono wa kushoto. Aanze pale ambapo wasikilizaji wa usiku huo wana haja ya kuanzia. Kama wengi waliokuja ni wa upande wa mume, aanze na njia aliyopita bibi harusi kuja kwao na nani alimsindikiza. Kama ni wanawake wa soko, aanze na biashara yake na wale aliowakopesha. Aseme nani alimfundisha kusuka na yeye alimfundisha nani, maana hiyo ni nasaba pia, na hakuna cheti kinachoiandika. Aseme jina alilopewa kwa heshima ya nyanya gani, na mjukuu yupi sasa analibeba. Atakapofika kwenye shanga asiyoijua, asiivuke haraka.

Na hilo la mwisho, kwa bahati, wanawake walio kwenye mikeka hawamruhusu. Wanasikiliza wakiwa wameinama, unadhani wamelala. Msomaji anaposema marehemu alihamia kijiji fulani baada ya ndoa, mmoja anainua kichwa na kusema hapana, mwanangu, kwanza tulikaa kwa shangazi yake msimu mzima, hata mto ulikuwa umejaa, ndipo tukavuka. Mwingine anaongeza jina la aliyewavusha. Wa tatu anabisha kuhusu jina hilo. Kijana anakunja karatasi, anauliza ulikuwa mto gani, na wanaanza tena kutoka kwa shangazi.